Sahani na Kofia: Chakula Kinavyoisaidia Ngozi Juani, na Mahali Msaada Huo Unapoishia

Katika ziara zetu za sharika mwaka huu, kamati kadhaa za diakonia zimetuuliza maswali yanayofanana. Sharika hizo zina watoto na watu wazima wenye ualbino, na kila mwaka hutenga fedha kidogo kwa ajili ya kofia, mashati ya mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Sasa wanakamati wamesikia, ama redioni ama kwa wauza virutubisho wanaopita majumbani, kwamba karoti, nyanya na mboga za majani huikinga ngozi kutoka ndani. Wanauliza: je, si afadhali fedha za mafuta na kofia zikanunua mbegu na miche, ili familia zijitegemee? Wahisani wetu nao wameuliza jambo hilo hilo kwa upande wa pili: ikiwa bustani za lishe zimeshastawi, kwa nini maombi ya kofia bado yanaletwa?

Maswali haya ni ya haki, kwa kuwa fedha za sharika ni sadaka za watu na hazitoshi kwa kila hitaji. Aidha, jibu lisilo sahihi linaweza kumgharimu mtu maisha. Kwa sababu hiyo tumeona vema kulijibu kwa kirefu katika toleo hili.

Jibu kwa ufupi ni hili. Chakula bora huijenga ngozi, huisaidia kupona, na kwa kiasi fulani huipunguzia madhara ya jua. Lakini hakuna chakula kinachofanya kazi ya kofia, ya nguo au ya kivuli. Mwenye ualbino anahitaji vyote viwili: sahani na kofia.

JUA HUFANYA NINI KWENYE NGOZI

Mwanga wa jua una miale tunayoiona na mingine tusiyoiona. Miongoni mwa ile tusiyoiona ipo miale ya urujuanimno, ambayo ndiyo inayounguza ngozi. Miale hiyo ikipenya hufanya madhara ya namna mbili. Kwanza, hugonga vinasaba vilivyomo ndani ya seli za ngozi na kuviharibu. Pili, huzalisha ndani ya ngozi chembechembe haribifu ambazo nazo hushambulia seli zilizo jirani. Mwili una uwezo wa kurekebisha uharibifu huo, lakini ukijirudia kila siku kwa miaka mingi, baadhi ya seli hushindwa kurekebishwa, nazo zinaweza kugeuka kuwa saratani.

Mwenyezi Mungu ameipa ngozi kinga yake ya asili, yaani rangi nyeusi iitwayo melanini. Rangi hii hukaa katika tabaka la juu la ngozi kama mwavuli na hupokea miale kabla haijafika ndani. Mtu mwenye ualbino amezaliwa na melanini kidogo sana au hana kabisa, kwa kuwa amerithi kutoka kwa baba na mama, wote wawili, kasoro katika maelekezo ya kuitengeneza. Hivyo jua lile lile ambalo jirani yake analifanyia kazi kutwa nzima humuunguza yeye kwa muda mfupi.

Ni vema ikumbukwe pia kwamba baridi si kipimo cha jua. Sisi tunaoishi nyanda za juu huvaa sweta asubuhi na kudhani jua letu ni pole. Ukweli ni kwamba kwa kila mita 1,000 za mwinuko, miale ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10. Mawingu mepesi nayo huruhusu sehemu kubwa ya miale kupita. Mtoto aliyesimama mstarini shuleni katika siku ya mawingu yuko juani.

NGOZI HUJENGWA NA NINI

Tabaka la juu la ngozi hujifanya upya takribani kila mwezi. Seli za zamani hupukutika na mpya hupanda kutoka chini. Kazi hii ya ujenzi haikomi, na vifaa vyake hutoka kwenye sahani. Vile vilivyo muhimu zaidi, na ambavyo familia zetu zinaweza kuvipata bila kwenda dukani kila siku, ni hivi vifuatavyo.

Protini. Hii ndiyo matofali. Hupatikana kwenye maharage, kunde, choroko, karanga, dagaa, mayai, maziwa na nyama. Mtoto mwenye utapiamlo wa kwashakoo huonekana ngozi yake ikibanduka na kuacha vidonda, na hiyo ni dalili ya wazi kwamba ngozi ni miongoni mwa viungo vinavyoathirika mapema mlo unapokuwa duni.

Vitamini A. Husaidia seli mpya za ngozi kukua inavyotakiwa. Hupatikana kwenye maini, mayai na maziwa. Mimea nayo hutupatia rangi ya manjano iitwayo betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A: mchicha, matembele, majani ya maboga, kisamvu, karoti, papai, embe lililoiva, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa ambavyo wengi wetu tunaviita viazi lishe. Gramu 125 tu za viazi lishe, yaani kiazi kimoja cha wastani, zinatosheleza mahitaji ya vitamini A ya siku nzima kwa mtoto ambaye hajaanza shule. Mboga hizi zipikwe na mafuta kidogo, kwani bila mafuta mwili hupokea sehemu ndogo tu ya betakarotini.

Vitamini C. Mwili huitumia kutengeneza nyuzi ziitwazo kolajeni, ambazo ndizo zinazoishika ngozi isilegee na zinazofunga kidonda. Watu wengi wakisikia vitamini C hufikiria chungwa. Chungwa ni zuri, lakini pera lina vitamini hiyo takribani mara nne zaidi kwa uzito ule ule, na mapera huoza chini ya miti yetu kila msimu. Vitamini C huharibiwa na moto mrefu, kwa hiyo matunda yaliwe mabichi, na mboga zisichemshwe hadi zikapoteza rangi kisha maji yake yakamwagwa.

Madini ya zinki. Bila zinki ya kutosha vidonda huchelewa kupona. Ipo kwenye nyama, dagaa, maharage na mbegu za maboga, zile ambazo wengi huzitupa wakati wa kusafisha boga.

Vitamini E. Hupunguza makali ya chembechembe haribifu tulizozitaja. Ipo kwenye karanga, na katika mafuta ya alizeti ambayo yanakamuliwa katika wilaya zetu nyingi.

Pamoja na hivyo vyote, maji. Mtu anayefanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha huudhoofisha mwili wote.

SOMO LA PELAGRA

Upo ugonjwa mmoja unaoonesha kwa uwazi kuliko maelezo yoyote jinsi sahani na jua vinavyohusiana. Huitwa pelagra. Husababishwa na upungufu wa niasini, ambayo pia huitwa vitamini B3. Mgonjwa hutokwa na ukurutu mweusi na mkavu sehemu zile tu zinazopigwa na jua: migongo ya viganja, uso, miguu, na shingoni ambako alama huzunguka kama mkufu. Mkono wa kulia na wa kushoto hufanana. Baadaye hufuata kuharisha, kuchanganyikiwa na, asipotibiwa, kifo.

Pelagra huwapata hasa watu wanaoishi kwa mahindi peke yake. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuitoa. Wenyeji wa Mexico tangu kale huchemsha mahindi yao katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na njia hiyo huifungua niasini. Mahindi yalipopelekwa mabara mengine, ufundi huo haukwenda nayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra iliua maelfu ya maskini katika majimbo ya kusini mwa Marekani, na wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alionesha kwamba chanzo chake ni mlo duni.

Karibu na sisi, jambo hilo lilitokea Malawi. Mwaka 1990, miongoni mwa wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa wakiishi kwa mgao wa mahindi, waliugua pelagra watu zaidi ya 17,000. Kilichobadilika ni kwamba karanga, ambazo ndizo zilikuwa zikiwapatia niasini, zilikuwa zimekosekana kwenye mgao kwa miezi kadhaa. Jua halikuongezeka. Ngozi zao ndizo zilizopungukiwa uwezo wa kulistahimili.

Tunalieleza hili kwa sababu bado zipo kaya katika sharika zetu ambazo miezi ya njaa hula ugali na mboga chache tu. Wako pia katika hatari watu wanaokunywa pombe sana na kusahau kula, na baadhi ya wagonjwa wanaotumia dawa ya kifua kikuu iitwayo aisoniazidi. Mzee wa kanisa au mhudumu wa afya akiona ukurutu wa namna hii mikononi na shingoni, ampeleke mgonjwa kituo cha afya mapema. Pelagra hutibika kwa vidonge na mlo mzuri, na huzuilika kwa karanga, maharage, samaki, kuku na nyama.

Hapa, basi, chakula ni tiba kamili, kwa sababu chanzo cha tatizo ni upungufu wa chakula. Ualbino haukutokana na upungufu wa chakula, na kwa hiyo chakula hakiwezi kuuondoa. Tofauti hii ndiyo kiini cha makala haya.

WATAALAMU WAMEPIMA NINI

Wapo wanaosema kwamba nyanya huzuia kuungua na jua. Jambo hili lina ukweli ndani yake. Nchini Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, watu wachache wenye ngozi nyeupe walikula kila siku gramu 40 za nyanya ya kopo pamoja na mafuta ya zeituni. Baada ya wiki 10, ngozi zao zilipomulikwa ziliiva kwa wekundu pungufu kwa takribani asilimia 40 kuliko za wenzao ambao hawakula nyanya. Sababu ni rangi nyekundu ya nyanya, iitwayo likopini, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi nyanya zikipikwa na mafuta, kama tunavyofanya katika mchuzi wetu wa kila siku.

Lakini tuangalie kwa makini. Watu hao walikuwa wachache, walikuwa na melanini kiasi, na walimulikwa kwa muda maalumu kwenye kipande kidogo cha ngozi. Kupungua kwa wekundu si sawa na kuzuia saratani. Aidha, msaada huo haukuonekana wiki ya nne. Ulihitaji wiki 10 za kula bila kukosa.

Utafiti unaotusaidia zaidi kuamua ulifanyika katika mji wa Nambour, jimbo la Queensland, Australia, kuanzia mwaka 1992. Wakazi 1,621 waligawanywa katika makundi. Baadhi walipewa mafuta ya kukinga jua wayapake kila siku kichwani, shingoni na mikononi, na wengine wakaachwa waendelee na mazoea yao. Papo hapo, baadhi walipewa kidonge cha betakarotini, ile ile rangi ya karoti, na wengine kidonge kisicho na kitu. Baada ya takribani miaka minne na nusu matokeo yalihesabiwa. Waliopaka mafuta kila siku walipata saratani za seli bapa za ngozi pungufu kwa takribani asilimia 40. Kwa vidonge vya betakarotini hakukuwa na tofauti yoyote.

Saratani ya seli bapa ndiyo inayowapata zaidi watu wenye ualbino hapa Afrika. Kwa hiyo kamati inayouliza kama karoti inaweza kuchukua nafasi ya mafuta ya kukinga jua inapata hapa jibu lililopimwa kwa miaka: haiwezi. Karoti iliwe kwa sababu nyingine zilizo njema.

Utafiti mwingine wa Australia, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusu vidonge vya nikotinamaidi, aina mojawapo ya vitamini B3. Watu 386 ambao walikwisha kuugua saratani za ngozi zaidi ya mara moja walishiriki. Waliotumia miligramu 1,000 kwa siku walipata saratani mpya pungufu kwa asilimia 23 katika mwaka mmoja, na faida ilikoma walipoacha. Kiasi hicho ni zaidi ya mara 50 ya niasini ambayo mtu mzima huihitaji kwa siku. Hakuna sahani ya karanga inayoweza kukifikia. Hiyo ni dawa, na uamuzi wa kuitumia ni wa daktari.

MAMBO YANAYOPOTOSHA

Tunaomba wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya akina mama wawaeleze watu mambo yafuatayo, kwa kuwa tunayakuta mara kwa mara.

Kwanza, virutubisho vya kopo na vya unga vinavyouzwa kwa bei kubwa kwa ahadi ya kuirudishia ngozi rangi. Hakuna unga wala kidonge kinachoweza kumtengenezea melanini mtu mwenye ualbino. Mama anayeuza kuku wake wawili ili anunue kopo hilo amepoteza mayai ambayo yangemfaa mtoto zaidi. Zaidi ya hayo, vidonge vya betakarotini vyenye nguvu vimeonekana kuongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara, kama ilivyodhihirika katika utafiti wa Finland uliotolewa mwaka 1994. Mboga yenyewe haina hatari hiyo.

Pili, kupaka limau au ndimu usoni. Maji ya matunda haya yakiwa kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi huungua na kutoa malengelenge. Limau ni zuri kwenye kachumbari. Mtu anayekamua ndimu nyingi, kwa mfano jikoni kwenye sherehe, anawe mikono kabla ya kutoka nje.

Tatu, mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na mafuta ya kula. Haya huilainisha ngozi kavu, nayo ni mazuri kwa kazi hiyo. Hayazuii miale ya jua kwa kiasi cha kumlinda mwenye ualbino.

Nne, mkorogo na krimu za kujichubua. Krimu hizi huondoa melanini, yaani humvua mtu mwavuli aliozaliwa nao. Inasikitisha kuona jirani wa mtoto mwenye ualbino akilipa fedha ili aikose kinga ambayo mtoto yule ameikosa bila kutaka.

Tano, hofu ya vitamini D. Baadhi ya wazazi wanamtoa mtoto juani kwa kuogopa kwamba akifunikwa atakosa vitamini hiyo. Hofu hiyo isiwe sababu ya kumuunguza. Dagaa, vibua na mayai vina vitamini D, na mzazi mwenye wasiwasi aulize kliniki.

SAHANI YA SIKU MOJA

Ili jambo hili lisibaki maneno, tumepanga mfano wa mlo wa siku moja kwa vyakula vilivyoko vijijini mwetu.

Asubuhi: uji wa mahindi au ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa, na kipande cha papai.

Mchana: ugali, maharage, na mchicha au matembele yaliyopikwa kwa muda mfupi na mafuta ya alizeti. Kachumbari yenye limau, na pera au chungwa baada ya kula.

Jioni: viazi lishe au ndizi, pamoja na dagaa waliopikwa na nyanya mbili au tatu na mafuta kidogo. Penye mayai, dagaa wapumzike.

Mlo huu hauhitaji duka la mjini. Unahitaji mpapai mmoja au miwili, mpera, tuta la matembele, tuta la mchicha, kipande cha viazi lishe, na kuku wachache. Ni mlo wa familia nzima. Mtoto mwenye ualbino asipikiwe chungu chake, kwani kumtenga mezani nako ni jeraha.

Jambo moja zaidi kuhusu kuhifadhi mboga. Wengi wetu huanika kisamvu, majani ya kunde na vipande vya maembe juani moja kwa moja. Miale ile ile inayounguza ngozi huharibu pia betakarotini ya mboga. Zikaushwe kivulini penye upepo, au katika kikaushio kilichofunikwa, ili miezi ya kiangazi familia ipate vitamini A kweli na si majani makavu tu.

KOFIA, NGUO, MAFUTA NA KIVULI

Sasa tugeukie upande wa pili, ule ambao sahani haiufikii.

Kivuli ndicho cha kwanza, tena hakina bei. Jua huwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Kazi za shamba za mwenye ualbino zipangwe alfajiri au jioni. Walimu waombwe kumruhusu asimame kivulini wakati wa mstari na michezo. Darasa la Shule ya Jumapili linalofanyika nje lihamie chini ya mti au barazani. Siku za mavuno na mikutano ya injili, viti vya watu wenye ualbino viwekwe chini ya turubai bila wao kulazimika kuomba.

Kofia iwe na ukingo mpana wa sentimita 8 au zaidi pande zote. Kofia ya kapelo huacha masikio na shingo wazi, na huko ndiko vidonda vingi huanzia. Shati liwe la mikono mirefu na la kitambaa kilichoshikana: ukikinyanyua kwenye mwanga na kuona upande wa pili, jua nalo linapita. Mafundi wetu wa kushona wanaweza kuzishona kofia na mashati haya hapa hapa usharikani.

Mafuta ya kukinga jua yapakwe takribani dakika 20 kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Kwa mtu mzima, kijiko kimoja cha chai kinatosha uso, masikio na shingo, na kingine kwa kila mkono. Anayepaka kidogo ili yadumu, anajinyima kinga. Midomo na migongo ya viganja isisahauliwe. Nchini kwetu, hospitali ya KCMC mjini Moshi ilianza katika muongo wa 2010 kutengeneza mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hospitalini hapo kipo pia, tangu mwaka 1992, kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi, na madaktari waliofundishwa huko wanahudumu katika nchi nyingi za Afrika.

Mwisho, ngozi ikaguliwe. Mwenye ualbino aonwe na mtaalamu wa ngozi angalau kila miezi sita. Kidonda ambacho hakijapona kwa wiki nne, au gamba gumu linalotoka damu na kurudi, lipelekwe hospitali bila kungojea mlo mzuri ulitibu. Saratani ya ngozi ikiwahiwa huondolewa kwa upasuaji mdogo. Ikicheleweshwa huua, na huua vijana.

KWA KAMATI ZA SHARIKA NA WAHISANI WETU

Tunarudi kwenye maswali tuliyoanza nayo. Bustani ya lishe na kofia ni misaada miwili inayofanya kazi mbili. Bustani hujenga miili ya watoto wote wa usharika, wenye ualbino na wasio nao, na huzuia magonjwa kama pelagra. Kofia, nguo na mafuta humlinda mtu ambaye bustani haiwezi kumpa mwavuli alioukosa tangu kuzaliwa. Usharika unaoikata moja ili kuikuza nyingine haujaokoa fedha. Umehamisha gharama kwenda wodi ya upasuaji, ambako ni kubwa zaidi na mara nyingine imechelewa.

Hivyo tunapendekeza yafuatayo kwa kila kamati inayoandaa bajeti ya mwaka ujao:

1. Iwepo orodha ya watu wenye ualbino katika mitaa yote ya usharika, itunzwe na mhudumu wa diakonia kwa siri inayostahili, ikionesha nani ana kofia, nani ana mafuta, na lini alikaguliwa ngozi mara ya mwisho.

2. Kofia na mashati vihesabiwe kama vitu vya kudumu vinavyobadilishwa mtoto akikua. Mafuta yahesabiwe kama kitu kinachokwisha, chenye mahitaji ya kila mwezi. Kamati nyingi huyaweka pamoja, ndiyo maana mafuta huisha katikati ya mwaka na hakuna fungu la kununulia mengine.

3. Nauli ya kwenda kliniki ya ngozi mara mbili kwa mwaka iingizwe kwenye bajeti, pamoja na ya mzazi anayemsindikiza mtoto.

4. Miche ya mipapai na mipera, mbegu za viazi lishe na elimu ya mapishi vitolewe kwa kaya zote zenye uhitaji, na kaya zenye mtu mwenye ualbino zipewe nafasi ya kwanza.

5. Tarehe 13 Juni, ambayo tangu mwaka 2015 ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, itumike kukagua kama hayo manne yametekelezwa. Hotuba ziwe fupi na ukaguzi uwe mrefu.

Kwa wahisani wetu: mnapopokea ombi lenye mbegu na kofia kwa pamoja, mjue kwamba usharika huo umeelewa vizuri. Mnapopokea ombi la mbegu peke yake kutoka usharika wenye watoto wenye ualbino, tunaomba mwulize kofia ziko wapi. Na nasi tutawauliza vivyo hivyo kabla ya kuyapitisha maombi yao.